Nyanyueni hizo Altezza!

Ndugu zangu wa Nachingwea na Ruangwa, leo naomba tugombane kidogo.

Kila msimu wa korosho hadithi ni ile ile. Minada ya RUNALI inaanza, hela zinaingia, kijana anapanda basi kwenda Dar na kurudi anaendesha Altezza. Hapo sina ugomvi. Hela ni jasho lake. Na Altezza ni gari tamu, tusidanganyane. Toyota waliitengeneza kuanzia 1998 hadi 2005, inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na ile yenye injini ya 3S-GE na gia za mkono inatoa nguvu za farasi 210 kutoka lita 2 tu, bila turbo. Wazee wanaosema ni gari la wahuni wanamwonea aliyeliunda.

Ugomvi wangu unaanza wiki inayofuata. Gari halijapoa vizuri, tayari liko chini ya mwembe, fundi ameshika grenda anakata springi. Masega ya egzosi yanatolewa, linafungwa bomba la kelele. Rimu za inchi 18 zinaingia. Chujio la hewa la kiwandani linatupwa, linawekwa lile la wazi lenye umbo la pia. Ukihoji unajibiwa kwa dharau: "Kaka, hujui magari. Japani ndivyo wanavyofanya."

Kweli? Hebu tuwaulize hao Wajapani.

Kule gari la mtu binafsi linapita ukaguzi wa serikali, unaoitwa shaken, kila baada ya miaka miwili. Gari likiwa chini ya sentimita 9 kutoka ardhini halipiti. Kelele za egzosi zinapimwa. Springi ikilegea kwenye kiti chake, rudi nyumbani. Kwa hiyo Mjapani anayeshusha gari lake kwa akili ananunua springi na shokapu zilizotengenezwa kwa ajili ya gari hilo, kisha anatembea juu ya lami. Sisi tumechukua urembo, ukaguzi tukauacha bandarini Yokohama.

Sasa tuone springi iliyokatwa inafanya nini kwenye njia ya Mbekenyera au Kilimarondo. Imekuwa fupi na ngumu. Shokapu, ambayo ilipangiwa kucheza katikati ya safari yake, sasa inagonga mwisho kila shimo, na haichukui muda inavuja. Gurudumu likining'inia shimoni, springi inaweza kuhama kwenye kiti chake. Pembe za magurudumu zinabadilika, tairi linaliwa upande wa ndani ambako mwenye gari haangalii. Sampo ya oili, iliyokuwa na nafasi ndogo tangu kiwandani, sasa inabusu mawe. Jiwe moja likiipasua na dereva akaendelea na muziki wake, injini imekwisha.

Na hilo chujio la wazi? Kiangazi chetu kina vumbi jekundu linaloingia hadi kwenye sanduku la nguo lililofungwa. Chujio la kiwandani limekaa ndani ya boksi lake kwa sababu. Vumbi laini likipenya linasaga pistoni na silinda kama msasa. Baada ya muda gari linakula oili na kutoa moshi, halafu tunasikia kwamba "Altezza ni mbovu". Mbovu nani?

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Altezza changa kuliko zote imeshatimiza miaka 20. Ndiyo maana ukiiingiza leo unalipa na ushuru wa uchakavu, asilimia 30, kwa kuwa imepita miaka 10. Serikali imekwambia kwenye risiti kwamba gari limechakaa, wewe unanunua rimu! Mpira wa miaka 20 haujali odomita inasoma nini. Bushi, mipira ya rejeta, mipira ya breki, mkanda wa taiming, vyote vinataka kukaguliwa kabla ya kitu chochote cha kung'aa.

Nachingwea, kati ya miji yote, ingepaswa kulijua somo hili. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga, na Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu zake tatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Walifika mahali pa kuvifanya vifaru vya vita vya Sherman kuwa matrekta. Modifikesheni kubwa kuliko hiyo sijaisikia. Udongo na mvua hawakuviuliza. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa, mamilioni ya pauni yamepotea, na reli iliyojengwa kutoka Mtwara ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Limebaki jina la kata, Stesheni, pasipo na treni. Mtambo wa kigeni usipoisikiliza ardhi, ardhi haina haraka. Itasubiri.

Najua jibu: "Gari langu, hela yangu." Sawa, gari ni lako. Barabara je? Mwanafunzi anayetembea pembeni, mama mwenye ndoo, bodaboda aliyebeba abiria, wote hao wanategemea breki zako bila kukujua. Stika ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo haisimamishi gari. Tairi la mtumba lililokauka likipasuka ukiwa kwenye mwendo wa 120, ubishi wa hela ya nani unaishia hapo.

Kwa hiyo msimu huu, kabla ya sumni moja kwenda kwenye urembo, fuata mstari huu. Kwanza breki: pedi, diski, na oili yake, ambayo hunyonya maji na inafaa kubadilishwa kila miaka miwili. Pili matairi: soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi za DOT ubavuni. Ukiona 3014, limetengenezwa wiki ya 30 ya mwaka 2014, mrudishie mwenyewe. Tatu bushi, shokapu na springi nzima. Nne, kinga ya chuma chini ya sampo. Na kama mikono bado inawasha, basi nyanyua gari! Weka springi ndefu kidogo na tairi nene, ukapime magurudumu. Hiyo ndiyo modifikesheni ya Kusini.

Mafundi nanyi msijifiche. Mteja akija na grenda kichwani, mwambieni hapana. Fundi anayekubali kila kitu anachoagizwa ni kibarua tu.

Mwenye hoja alete. Mwenye matusi abaki nayo, akaangalie kwanza tarehe za matairi yake.