Nywele Si Shati: Kabla Hujachora Kichwa

Wasee, leo wengine wenu mtanikasirikia, lakini wacha niseme. Kama mchora tatoo amekushawishi uchore kichwa kwa sababu "si nywele zitafunika," huyo hajali kichwa chako. Anajali doh yako.

Kabla mnirukie: sina shida na tatoo. Niko nayo moja kwa mkono. Mathe alininunia miezi miwili, akazoea. Na ile stori ya "hiyo si ya Kiafrika" wachaneni nayo. Kuna wazee wa Kimakonde hapo Kwale wana chale usoni tangu ujana wao. Tofauti ni kwamba chale zile kila mtu kijijini alijua kuzisoma: huyu ni wetu. Yako itasomwa na watu wasiokujua, na hawatakuuliza maana yake.

Turudi kwa nywele. Tatoo ya bega unaivalia shati asubuhi, jioni unalivua. Nywele si shati. Kwanza, ili uchorwe kichwa lazima unyolewe upara, na nywele huota karibu sentimita moja tu kwa mwezi. Kwa hivyo hiyo "zitafunika" ni miezi ya kutembea nayo nje, utake usitake. Halafu? Maboyz wengi tunanyoa pande mpaka ngozi kila wiki mbili. Madem wakisuka mistari, ngozi ya kichwa inaonekana katikati. Wakibana nywele sana kwa miaka, za mbele zinaanza kuhama. Na wewe boy, cheki kichwa cha buda yako na cha wajomba zako. Hiyo ndiyo nywele yako ya kesho.

Sasa ingia kwa kinyozi yeyote mtaani, uangalie visogo. Vipele, sivyo? Nywele zetu zimejikunja, zikikatwa karibu sana na ngozi zinageuka na kuchoma ndani. Kwa wengine vile vipele hugeuka kovu gumu lililovimba. Sasa weka simba wako hapo. Baada ya miaka mitano atakuwa simba ama nyanya mbovu? Na kama ulitoboa sikio likaota uvimbe mgumu, ngozi yako ilishakujibu. Usiiulize tena kwa sindano.

"Nikichoka nitafuta na leza." Sawa. Leza huwinda rangi, na ngozi nyeusi ina rangi yake mwenyewe. Ukipata mashine isiyofaa ama mkono usiojua kazi, unabaki na mabaka, meupe ama meusi zaidi. Hata ukipata mtaalamu, utarudi mara nyingi, wiki kadhaa katikati, na kila mara unalipa. Kuchora ni siku moja. Kufuta ni mradi.

Na sindano ni sindano. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili siku saba na bado vikaambukiza. Aina hiyo ina chanjo, aina ya C haina. Kama jamaa hafungui sindano mpya mbele yako, kama anachovya wino uliobaki wa mteja wa jana, inuka utoke. Usione haya. Haya haiponyi ini.

Najua jibu lenu: "Mbona mastaa wanachora mpaka uso?" Haya, tuchukue Mike Tyson. Alikuwa bingwa wa dunia wa uzani wa juu 1986, akiwa na miaka 20. Ile tatoo ya uso aliichora 2003. Piga hesabu: miaka 17 baada ya dunia nzima kujua jina lake. Yeye alichora uso uliokuwa umeshajulikana. Wewe unachora kichwa ambacho bado kinatafuta mtu wa kukipa kazi.

Niko na rafiki alichora taji kisogoni akiwa na miaka 19. Siku ya mazishi ya babu yake alisimama mbele na wajukuu wengine, kofia kichwani. Pasta akasema tuvue kofia tuombe. Alivua. Hakuna aliyesema kitu. Lakini nilikuwa nyuma yake, na nikaona watu wanasoma kisogo badala ya kufunga macho. Tangu siku hiyo hajawahi kuniambia anapenda ile taji.

Ndio, ni uonevu. Mtu hafai kunyimwa kazi ama kusimamishwa na polisi usiku kwa sababu ya wino. Nitapinga hiyo kila siku. Lakini landilodi hatangoja tushinde hiyo vita ndio akudai rent.

Na nyinyi wachoraji mnaokubali kichwa cha kijana wa miaka 17 aliyekuja na doh ya shule: msijiite wasanii. Msanii wa kweli anajua kumwambia mteja "rudi ukiwa mkubwa."

Bado unataka? Poa, fanya hivi. Nyoa upara, halafu tafuta mtu akuchore hiyo picha kwa hina ya kawaida. Sio ile nyeusi iliyochanganywa na rangi ya nywele, hiyo inaweza kukuchoma. Ikififia, rudia, mpaka mwezi uishe. Panda nayo matatu. Nenda nayo kanisani ama msikitini. Msalimie nyanya yako nayo. Peleka nayo barua ya kazi. Mwezi ukiisha na bado unaipenda, kichwa ni chako, mimi nitanyamaza.

Ukijipata unatafuta kofia siku ya tatu, shukuru Mungu ilikuwa hina.