Mkoko si kila mti wa pwani

Katika kitivo chetu msemo "hapo ndipo mkoko ulipoalika maua" umeenea. Umo katika insha zetu, na walimu wanaupenda. Lakini mti wenyewe wengi wetu tunaujua kwa Kifaransa tu, palétuvier, wala hatujui kwamba kwa watu wa pwani ya Kenya na Tanzania mkoko ni mmoja kati ya miti kadhaa inayoota katika maji ya chumvi. Nadai kwamba upungufu huo ni wa lugha, na una madhara.

Chukua kazi ya James Kairo, mtafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, ambaye tangu miaka ya 1990 amechunguza na kurudisha misitu ya ghuba ya Gazi, kusini mwa Mombasa. Katika miaka ya 1970 miti ya hapo ilikatwa kwa wingi iwe kuni za kuchomea chokaa na matofali, na sehemu nyingine hazikuota tena zenyewe. Mizizi ya miti hiyo hupunguza nguvu ya mawimbi na kushika tope. Ukuta wa saruji unaweza kuzuia wimbi, lakini haulei kamba wala samaki. Tangu 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni, kwa mradi wa Mikoko Pamoja, vinauza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na hekta 117 za msitu, na fedha zinakwenda kwenye maji na shule.

Ukisoma makala za kisayansi kuhusu misitu hiyo, zilizoandikwa kwa Kiingereza, utakuta ndani ya majedwali: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Ni madaraja ya unene wa miti, kutoka mwembamba hadi mnene, yaliyotoka kwa wakataji na wajenzi wa pwani. Wanasayansi hawakuona haja ya kubuni mengine.

Majina ya miti yana uzito zaidi. Mlilana husimama mbele kabisa, unapopigwa na bahari. Nyuma yake hukaa mkoko, kisha msinzi (wengine huuita muia) na mkandaa. Mchu huweza kukaa upande wa bahari na upande wa nchi kavu pia. Kenya peke yake ina aina 9. Sasa angalia mradi unapotafsiriwa haraka haraka: neno la Kiingereza linalokusanya aina zote linageuzwa "mikoko", na watu wanaambiwa "pandeni mikoko". Kweli mkoko ni rahisi kupanda, maana chipukizi lake refu huchomekwa tu katika tope. Lakini ukiupanda mahali pa mlilana, mawimbi huung'oa. Kupanda aina isiyofaa mahali pasipofaa kumeangusha miradi katika nchi nyingi. Sisemi kosa ni la wafasiri. Nasema mvuvi mwenye majina matano mdomoni amebeba ramani ya ufuo mzima, na neno moja la jumla linaifuta. (Kwa jina la mradi, "mikoko" haina ubaya, kwa maagizo ya kupanda, ina ubaya.)

Mtu atauliza haya yanatuhusu nini sisi wa bara. Pwani yetu fupi iko Muanda, yenye hifadhi ya miti hiyo tangu 1992, na majina ya huko yamo katika Kikongo. Nawaachia wenzetu wanaokisoma. Sisi tuna Tanganyika. Mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia katika mitaa ya Uvira na Kalemie. Matete na mafunjo hayazuii ziwa lisijae, lakini huvunja mawimbi na kushika udongo, na bado tunayafyeka kupisha mashamba na nyumba. Wanaoyaita kwa majina yake, kwa Kiswahili, Kibembe, Kifuliiru au Kitabwa, ni wavuvi.

Naomba idara ikubali tasnifu za msamiati wa ufuo. Mwanafunzi wa lugha na wa biolojia wakae Kalemie msimu mmoja, waandike jina, mahali mmea unapoota, na nani analitumia. Mhadhiri mmoja aliniambia hiyo ni kazi ya biolojia. Lakini mwanabiolojia akienda peke yake atarudi na jina la Kilatini. La mvuvi litabaki kwa mvuvi, na wanaolijua vizuri ni wazee.