Kibao cha Bukindo Kiandikwe Nini?

Wanachama wenzetu, yako maneno yanayozungumzwa hapa Nansio, kwamba yafaa pawekwe kibao kando ya barabara ya Bukindo, kumweleza mpita njia habari za ile nyumba kubwa ya Chifu iliyojengwa zamani za ukoloni. Wako wanaopinga. Wanauliza, yawaje chama kilichozaliwa na TANU kisimamishe kibao mbele ya nyumba ya utawala wa mkoloni? Sisi twasema kibao kiwekwe, wala tusione haya. Ugomvi wetu ni juu ya maneno yatakayoandikwa.

Maneno ya namna hii si mchezo. Tarehe 3 Agosti 1858 Speke alisimama karibu na Mwanza, akayatazama maji haya, akayapa jina la malkia wake. Wenyeji walikuwa na jina lao, Nyanza, na wafanya biashara wa Kiarabu waliita Bahari ya Ukerewe. Yaani kisiwa chetu kilikuwa kimetoa jina kwa ziwa zima! Mgeni mmoja akaandika kitabuni, na mpaka leo watoto wetu shuleni wanakariri alivyoandika yeye.

Basi kibao kikisema tu kwamba hapa alikaa Chifu, na nyumba ni nzuri, kitakuwa kimedanganya kwa kunyamaza. Kiseme kwamba Mwingereza, kwa sheria yake ya mwaka 1926, aliwafanya machifu kuwa mikono yake: kukusanya kodi, kuhukumu kesi ndogo, kutangaza amri za Bwana DC. Kiseme pia kwamba kodi hiyo ilitoka kwa mlima pamba na mvuvi. Na kule ng'ambo, Usukumani, TANU ilinyimwa ruhusa ya kufungua matawi tangu mwaka 1954 hata 1958, na watu wakafanya kazi ya chama kwa kificho. Kijana wa leo anayepewa kadi mchana kweupe hana budi kuyajua hayo.

Lakini tusiwe watu wa chuki. Chifu wa mwisho wa Ukerewe, Michael Lukumbuzya, hakukaa kulilia kiti chake baada ya uchifu kufutwa mwaka 1963. Aliitumikia nchi huru akiwa balozi wake ng'ambo. Hilo nalo liandikwe, tena kwa herufi zilezile. Wenzetu wanaotaka nyumba iachwe ianguke kwa kuwa ni ya ukoloni, tunawauliza: shule walizosomea zilijengwa na nani?

Na tukiwa katika habari za ukumbusho, wangapi wanaopita Kagunguli wanamkumbuka Aniceti Kitereza? Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe hadithi ya Myombekere na Bugonoka. Ilipigwa chapa kwa Kiswahili mwaka 1980, na yeye akafariki mwaka 1981. Miaka thelathini na mitano mtu anangoja kitabu chake! Huyo naye anastahili kibao, pengine kabla ya Chifu.

Wengine wanasema tungoje Serikali. Tungoje nini? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda bila ya kuombwa majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Nyumba za Mjerumani na za Mwingereza zote ni za nyuma ya mwaka huo, nazo hazilindwi mpaka Waziri atangaze. Waziri hatatangaza asichokijua, na atakijua tukimwandikia.

Kwa hiyo kila tawi litoe daftari moja. Makatibu waende kwa wazee wa Bukindo na vijiji vya jirani, waulize baba zao walisimulia nini: nani alibeba mawe, nani alipasua mbao, walilipwa au hawakulipwa. Majina yakipatikana, yaandikwe kibaoni chini ya jina la Chifu. Lugha iwe Kiswahili na Kikerewe kwanza. Kiingereza cha watalii kitafuata kama nafasi itabaki.

Na kibao kisiwe cha bati wala cha chuma. Wanunuzi wa vyuma chakavu tunawajua, hakitamaliza mwezi. Kijengwe kwa mawe na saruji.