Picha za Njiani na Ukuta Tusiokuwa Nao

Miongoni mwa mambo ambayo sisi watu wa pwani hatujayatolea haki yake, liko hili la picha zinazochorwa na mafundi ambao hawakupata kuketi katika darasa lolote la sanaa: nguva mwenye hereni na saa ya mkononi kwenye ukuta wa hoteli ya chai, simba mwenye macho ya binadamu nyuma ya matatu, kichwa kilichonyolewa vizuri, kisicho shingo wala mabega, kikielea juu ya mlango wa kinyozi kana kwamba kimetumwa kutoka ahera kuja kuita wateja. Mtu akisimama steji ya Matsangoni, katika barabara hii kuu itokayo Mombasa kwenda Malindi, huweza kuziona kadhaa za namna hiyo kabla gari lake halijafika, na aghalabu hutazama, hucheka, akapanda akaenda zake. Wala haimpitikii kwamba alichokitazama ni sanaa, kwa kuwa sanaa, kwa jinsi tulivyofunzwa, ni kitu kilicho ndani ya jumba, chenye kioo mbele na askari mlangoni.

Huko California watu wa kazi hiyo hiyo walifanya shauri jingine. Ed Roth alikuwa akiunda na kupamba magari, na kuchora juu ya fulana panya mnene mwenye macho yaliyotoka nje. Robert Williams, aliyemfanyia kazi Roth katika miaka ya 1960, alichora mambo ya ndoto na jinamizi kwa ustadi wa mabingwa wa kale, na wakubwa wa sanaa wasimtie maanani. Walipoona milango imefungwa, wao na wafuasi wao hawakukaa kumngoja bawabu awaonee huruma: mwaka 1986 Billy Shire alifungua mjini Los Angeles jumba la maonyesho la La Luz de Jesus, na mwaka 1994 Williams na wenziwe wakaanzisha gazeti la Juxtapoz, wakawa na ukuta wao na kalamu yao. Mtindo huo, uitwao Lowbrow na pia Pop Surrealism, leo hufunguliwa maonyesho mfululizo, na nakala zilizotiwa saini, zikitolewa kwa idadi maalumu, hugombewa kama karafuu za msimu mbaya. Wala msomaji asidhani hajapata kuiona kazi yao, maana kila aliyeshika kanda ya Michael Jackson ya mwaka 1991, iitwayo Dangerous, ameshika mkononi picha ya Mark Ryden, mmoja wao: yale macho mawili ya mwimbaji yakichungulia katikati ya nakshi za dhahabu na wanyama waliovikwa mataji.

Mtu wetu wa kufananishwa na hao si wa kutafutwa mbali. Richard Onyango, aliyezaliwa Kisii mwaka 1960 na akaifanya Malindi maskani yake, alikuwa mpiga ngoma katika bendi, mchora mabango na mpamba mabasi kabla ya jina lake kuvuka bahari. Na mabasi hayo hayakumtoka moyoni, kwani aliyachora tena na tena katika vitambaa vyake, pamoja na malori na mitambo mizito, kwa mapenzi ambayo washairi wetu huyaweka akiba kwa ajili ya jahazi. Lakini kazi iliyomtambulisha ni ile ya Drosie, mwanamke wa Kizungu, mnene wa mwili na mkunjufu wa mali, ambaye walipendana naye hapa pwani, kisha mauti yakamchukua. Katika picha hizo Drosie hukaa akalijaza kochi, akaijaza na picha yenyewe, amevaa nguo iliyombana na viatu vya visigino virefu, ilhali mchoraji, mwembamba kama mwiko, amejiweka pembeni kwa adabu ya mgeni katika nyumba asiyokuwa na hakika nayo. Nimewasikia wasemao kwamba ni picha za aibu. Mimi huziona ni taazia. Na zaidi ya taazia, ni ushahidi, kwa sababu Malindi yote ya utalii imo humo, kijana asiye na kitu na mgeni mwenye nacho, huruma na tamaa katika sahani moja, wala mchoraji hamlaani yeyote wala hajitakasi mwenyewe. Ripoti nyingi zimeandikwa juu ya jambo hilo, na sijaona iliyolisema kwa unyofu kama huo.

Na je, picha hizo ziko wapi? Zilizo mashuhuri zimo katika hazina ya Jean Pigozzi, tajiri aliyeanza kukusanya sanaa ya Afrika baada ya kuona maonyesho ya Paris ya mwaka 1989, na akaiweka hazina yake Geneva. Onyango alionyeshwa katika maonyesho ya kimataifa ya Venice mwaka 2003, na tangu mwaka uliofuata kazi yake ikazungushwa Ulaya katika maonyesho makubwa ya Africa Remix. Simwonei kijicho Pigozzi, ambaye alilipa na kuhifadhi wakati sisi tulikuwa tukipita. Ila simjui mtoto hata mmoja wa Matsangoni aliyepata kumwona Drosie isipokuwa katika kioo cha simu. Na asiye na ukuta wake hupachikwa lolote ukutani kwa jina lake: mwaka 2013, na tena 2015, ukumbi uliobeba jina la Kenya huko Venice ulijazwa kwa wingi kazi za wachoraji wa China, hata wasanii wa nchi hii wakapiga ukelele, na serikali ikalazimika kuukana ule wa mara ya pili.

Ndugu zetu wa Lubumbashi, huko Kongo, walikuwa na akili kuliko sisi. Huko, katika miaka ya 1960 na 1970, picha ya mambamuntu, yule mwanamke aliye nusu samaki, ilitundikwa katika sebule za makarani na wafanyakazi wa migodi, ikanunuliwa na jirani kutoka kwa jirani. Na Tshibumba Kanda-Matulu, mchoraji wa watu hao, aliipanga tarehe nzima ya nchi yake katika picha zaidi ya 100, akazieleza moja moja kwa Kiswahili cha mji wake. Hakuhitaji kupitia Geneva ili wa mtaani kwake wamjue. Nguva wa kwetu naye amefika mbali, kwani Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, alimpeleka London mwaka 2014 katika maonyesho aliyoyaita kwa Kiswahili Nguva na Nyoka. Lakini yule mwenye saa ya mkononi bado anafifia juani ukutani mwa hoteli, na mwaka kesho atapakwa chokaa.

Wako watakaonijibu kwamba sanaa ya njiani ikishaingizwa katika maonyesho huharibika, nao hutoa ithibati ya Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam mwaka 1968 kwa vipande vya hadibodi na rangi za baiskeli, akauawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, na tangu hapo chui wake amerudiwa na kurudiwa madukani hata amechoka uso. Hoja hiyo naikubali nusu. Chui alichoka kwa kuchorewa mtalii wa siku tatu, ambaye hurudi kwao bila kujua kama chui wa mwaka huu ni bora au hafifu kuliko wa mwaka jana. Mnunuzi aliye jirani hujua, na hukataa kibovu.

Na wala sisemi kila kitu kitundikwe. Kigango cha Mgiriama, ile nguzo ya ukumbusho, hakikuchongwa kitazamwe na mpita njia, kimesimamishwa kwa ajili ya marehemu, na jumba la makumbusho la Denver lilipokubali mwaka 2014 kuvirudisha vigango 30 vilivyokuwa kwake, lilitenda la haki. Bali huyu simba wa matatu alichorwa atazamwe, hana kazi nyingine duniani, na hata kanuni zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, zilizotaka matatu zote zivae mstari wa manjano, hazikufaulu kumfukuza barabarani.

Basi makumbusho ya Malindi, katika lile jumba la nguzo, na yatoe mwezi mmoja. Yaazime mabango ya vinyozi na ya hoteli kutoka Mtwapa hadi Mambrui, matatu mbili tatu ziegeshwe uani na makanga wake waruhusiwe kuzieleza wenyewe, Geneva iandikiwe barua ya heshima ituazime Drosie mmoja, na maelezo yawe kwa Kiswahili na Kigiriama, bure kwa kila mtoto wa skuli. Chini ya kila bango liandikwe jina la fundi, mahali anapopatikana na bei yake, ili mwenye sebule tupu hapa Matsangoni apate kununua kabla mgeni hajaamka.