Mama yuko Riyadh, mtoto yuko Tanga: Je, hadithi inaweza kusomwa kwa simu?

Simu ya video inaita saa mbili usiku. Bibi anamkalisha mtoto mbele ya skrini.

"Msalimie mama."

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Ndiyo."

"Na shule?"

"Nzuri."

Dakika ya pili mtoto ameshashuka kwenye kochi. Mama anabaki anaangalia dari ya sebule.

Familia nyingi za Tanzania na Kenya zenye mzazi anayefanya kazi za ndani Saudi Arabia, Oman au Falme za Kiarabu zinaijua simu ya namna hii. Lawama huwa zinaenda kwa mtandao, au kwa mtoto: "Amemsahau mama yake."

Lakini mtoto wa miaka mitatu au minne bado hajui kupiga stori kwa simu. Anachojua ni kufanya kitu pamoja na mtu. Akikosa cha kufanya, anaondoka.

Kitabu kinabadilisha nini?

Mwaka 2010, watafiti wa Nokia na Sesame Workshop, shirika la Marekani linalotengeneza kipindi cha watoto cha Sesame Street, walilishughulikia tatizo hilohilo.

Walitengeneza mfumo ulioitwa Family Story Play. Ulikuwa na kitabu cha karatasi kilichowekwa kwenye fremu pamoja na skrini. Mtoto alikuwa na chake, bibi au babu aliye mbali na chake, na wote walisoma hadithi moja huku wakionana. Kikaragosi Elmo alikuwa akitokea kuwachangamsha.

Toleo lililofuata, StoryVisit, lilitumia vitabu vya kwenye kompyuta. Watafiti waliona kwamba familia zikipewa nafasi husoma pamoja hata zikiwa mbali, na simu zao hudumu muda mrefu kuliko simu za kawaida na watoto wadogo.

Vifaa vile havipo madukani Kariakoo wala Luthuli Avenue, na havihitajiki. Somo lake ni jepesi: mpe mtoto na mzazi kitu kimoja cha kuangalia kwa pamoja.

Meseji ya sauti inatosha?

Wazazi wengi hurekodi meseji za sauti kwa sababu ni rahisi na hazili bando sana. Zina faida, ila zina mipaka.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014 uliwafundisha maneno mapya watoto wa miezi 24 hadi 30. Waliofundishwa ana kwa ana walijifunza. Waliofundishwa kwa simu ya video nao walijifunza. Walioonyeshwa video iliyorekodiwa hawakujifunza.

Tofauti ni kujibiwa. Mtu aliye hewani anasubiri, anacheka, anauliza tena. Rekodi inaendelea tu, hata mtoto akiwa amegeukia ukutani.

Ndiyo maana mwaka 2016 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, AAP, kiliposhauri watoto chini ya miezi 18 waepushwe na skrini, kiliacha nafasi moja: simu ya video na ndugu.

Kwa hiyo kama kilichopo ni rekodi tu, mtu wa nyumbani ndiye abebe kazi ya kujibu. Bibi asimamishe meseji katikati na kuuliza: "Mama kasema sungura kaenda wapi?" Hata bibi asiyejua kusoma anaweza kuuliza hivyo na kuonyesha picha.

Hadithi zipo bure

African Storybook, mradi ulioanzishwa Afrika Kusini na kuzinduliwa mwaka 2014, una hadithi za bure za watoto, zikiwemo za Kiswahili. Hadithi zinaweza kupakuliwa na kusomwa bila mtandao.

Hapo ndipo bando linapookolewa. Mama anapakua hadithi Riyadh, bibi anapakua hiyohiyo Tanga. Halafu wanapiga simu ya sauti tu. Mama anasoma, bibi anafungua kurasa na mtoto anaonyesha picha kwa kidole. Kama simu ya bibi ni moja na inasumbua, hadithi fupi inaweza kuchapwa stesheni ya jirani.

Wenye mtandao mzuri wana njia nyingine. Tangu 2023, WhatsApp inaruhusu kushea skrini wakati wa simu ya video, hivyo wote wanaona ukurasa mmoja.

Kikwazo si saa, ni kazi

Saa za Riyadh ni sawa na za Dar es Salaam na Nairobi. Dubai na Muscat ziko mbele kwa saa moja tu. Kwa saa ya ukutani, hakuna tatizo.

Tatizo ni kwamba saa mbili usiku, mtoto anapojiandaa kulala, mama huenda ndiyo anaandaa chakula cha familia ya mwajiri na kuwalaza watoto wa nyumba ile. Wapo pia wafanyakazi wasioruhusiwa kushika simu hadi usiku wa manane au siku ya mapumziko. Na katika Falme za Kiarabu, simu za WhatsApp zimezuiwa. Meseji za maandishi na za sauti ndizo zinazopita.

Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, wa mwaka 2011 kuhusu wafanyakazi wa ndani unataka wapate angalau saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Bila muda huo, programu nzuri kuliko zote haimsaidii mama.

Kenya ilipokea zaidi ya dola bilioni 4 kutoka kwa raia wake walio nje mwaka 2023, na Saudi Arabia ni kati ya nchi zinazoongoza kwa kutuma. Fedha hizo zinahesabiwa kila mwezi. Serikali zinapojadili mishahara na ada za mawakala, haki ya mfanyakazi kuwa na simu yake na muda wa kupiga nyumbani inapaswa kuwa mezani pia.

Kitabu hakimrudishi mama nyumbani. Ila dakika kumi za hadithi, siku moja kwa wiki, ni tofauti na "umekula?" ya kila siku. Mtoto anayejua hadithi iliishia ukurasa wa sita ana sababu ya kumuuliza bibi: mama anapiga lini?