Huyu kalala, yule kakesha: mechi gani hiyo?

Wiki hii vaeni makoti, maana tunaingia kwenye barafu. Nataka tuongelee hoki ya barafuni ya vyuo vikuu vya Marekani. Najua, utasema mshikaji kaishiwa mada. Subiri kwanza. Humo kuna jambo linalomhusu kila mpenda mechi: anayepanga ratiba anaweza kukufunga bao kabla hujaingia uwanjani.

Mambo yenyewe yako hivi. Mwishoni mwa Machi timu 16 za wanaume zinagawanywa kwenye vituo vinne, timu nne kila kituo. Ni mtoano, ukifungwa tu unafungasha virago. Na hawa ni wanafunzi, kwa hiyo aliye mwaka wa mwisho akitolewa ndo basi tena, jezi ya chuo anaivua moja kwa moja. Ukishinda mechi mbili kituoni unaingia nne bora, wenyewe wanaiita Frozen Four. Nusu fainali zote mbili Alhamisi, fainali Jumamosi.

Sasa tazama mapumziko. Mwaka 2025 vituo viwili vilimaliza Machi 29 na viwili Machi 30, kisha nusu fainali zikapigwa Aprili 10. Hapo mtu kakaa siku kumi au kumi na moja bila mechi. Halafu kutoka nusu fainali mpaka fainali, siku moja tu! Vijana hawa msimu mzima wamezoea kupiga Ijumaa na Jumamosi, wiki inayofuata vilevile. Ghafla wanapewa likizo ndefu, kisha wananyang'anywa.

Wapo wanaosema likizo hiyo inaua mzuka, timu iliyokuwa moto inapoa. Wengine wanasema inaponya magoti na mabega. Mi naona wote wana lao. Isitoshe, wikiendi ya katikati huwa ni ya fainali za kikapu za vyuo, na pale hoki ingemezwa nzima nzima. Mashabiki nao wanapata muda wa kusaka tiketi na nauli, maana mpaka kituo kiishe hujui kama timu yako inasafiri au inarudi nyumbani.

Likizo hiyo hainisumbui, kwa sababu wote wanne wanaipata karibu sawa. Kinachonisumbua ni pale mmoja analala na mwenzake anakesha. Twende Fargo, mwaka 2021.

Wakati ule mechi mbili za kituo zilipigwa siku mbili mfululizo. North Dakota, timu iliyopangwa namba moja kuliko zote, wakacheza Ijumaa Machi 26 na kuwachapa American International 5-1. Siku hiyohiyo Minnesota Duluth walikuwa wakutane na Michigan, lakini Michigan wakajitoa kwa sababu ya korona. Duluth wakapita bila kutoa jasho. Kesho yake wakawekwa uso kwa uso, mmoja ana mechi nzima miguuni, mwingine kashinda kakaa.

Basi likaanza varangati. Duluth wakaongoza 2-0. North Dakota hawakukubali, dakika mbili za mwisho wakarudisha yote mawili. Muda wa nyongeza wa kwanza, kimya. Wa pili, wa tatu, wa nne, kimya! Katika wa tano ndipo Luke Mylymok wa Duluth akamaliza kazi, 3-2. Saa ya mchezo ilisoma dakika 142 na sekunde 13, mechi ndefu kuliko zote katika historia ya mashindano hayo. Siwezi kuapa kwamba Ijumaa ile ndiyo iliyowatoa North Dakota. Lakini wewe ungekuwa unavua jezi yako kwa mara ya mwisho usiku ule, ungewaza nini?

Duluth wakapumzika mpaka Aprili 8, wakaenda Pittsburgh, na huko Massachusetts wakawatoa 3-2 katika muda wa nyongeza. Massachusetts nao siku hiyo walicheza bila golikipa wao Filip Lindberg, aliyezuiwa na masharti ya korona. Jumamosi akaruhusiwa. Unajua fainali iliishaje? 5-0 dhidi ya St. Cloud State. Siku moja inaweza kumrudisha golikipa, jamani.

Utaniuliza, kwani uchovu ndo kila kitu? Hapana bwana. Mwaka 2024 Denver walihitaji muda wa nyongeza kuwatoa Boston University, huku Boston College wakiwapiga Michigan 4-0 kiulaini. Fainali Denver wakashinda 2-0. Mwaka 2025 Western Michigan walikwenda mpaka nyongeza ya pili na Denver haohao, kisha wakawachapa Boston University 6-2 na kubeba kombe lao la kwanza. Mchovu anashinda, tena sana tu. Ila hao wote walikutana na mtu ambaye naye alicheza Alhamisi.

Kizuri ni kwamba ratiba ya vituo nayo imebadilika. Mwaka 2025 vituo viwili vilicheza Alhamisi na Jumamosi, viwili Ijumaa na Jumapili, kila kimoja na siku ya kupumua katikati. Timu ikipita mezani leo, mpinzani wake angalau kapata usingizi.

Kwa hiyo nyie wazee wa mabonanza, mnaotangaza nusu fainali asubuhi na fainali jioni, hamkatazwi. Uwanja wa kuazima, hela ya kuungaunga, tunaelewa. Ila msimpe mmoja mechi ya saa mbili na mwingine ya saa tisa, halafu saa kumi na moja mkawakutanisha na kuita hiyo fainali. Muda ukiwa mdogo, wote wachoke sawa.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.