Unachekea Nini Hatua ya Kwanza?

Kuna aina fulani ya msee utampata kila mahali chesi inachezwa. Ukisogeza askari ambaye hayuko kwenye video zake za ufunguzi, anaguna, anacheka, anakuambia "hiyo si teori." Leo naongea na yeye.

Buda, turudi 1980, Skara, Uswidi, mashindano ya timu za Ulaya. Uingereza dhidi ya Umoja wa Kisovieti. Anatoly Karpov, bingwa wa dunia tangu 1975, ana kete nyeupe na anafungua kwa 1.e4. Tony Miles anajibu 1...a6. Askari wa pembeni kabisa, mraba mmoja tu! Karpov anachukua katikati kwa 2.d4, Miles anasukuma 2...b5. Baadaye Miles alisimulia kwamba alisikia watazamaji wakicheka. Wacheke tu. Mchezo ulienda hatua 46, na aliyeshindwa ni bingwa wa dunia.

Sasa usiniletee "kumbe a6 ndiyo dawa." Si dawa. Kompyuta itakuambia mweupe yuko mbele, na ni kweli. Lakini Miles hakuwa anacheza ovyo. Askofu wake alienda b7, farasi f6, wote wawili wakimkodolea macho yule askari wa e4. Huo ni mpango. Alichomnyima Karpov ni maandalizi ya nyumbani. Ikabidi bingwa aanze kufikiria mapema, pale pale mezani, kama sisi wengine.

Na hapo ndipo tunafeli. Tuna wachezaji wanaojua hatua 12 za Sicilian kwa kichwa, lakini ukiwauliza ya 5 ilikuwa ya nini, kimya. Ni ile tabia ya shule: kariri, mwaga kwa mtihani, sahau. Mpinzani akitoka nje ya kitabu mapema wanapaniki, halafu wanalalamika eti amecheza vibaya. Kama amecheza vibaya, si umpige basi?

Mbaya zaidi ni kumchekea mtoto aliyekuja klabuni mara ya kwanza. Amejaribu kitu alichokifikiria mwenyewe, wewe unamwaibisha mbele ya watu. Wiki ijayo asipoonekana, usiseme chesi haina vijana.

Soma ufunguzi, sijakataa. Lakini jua kila askari anaenda wapi na kwa nini. Na ukiona hatua ya ajabu, nyamaza, angalia ubao, ithibitishe kuwa mbaya kwa kushinda. Kicheko hakihesabiwi pointi.